Sura ya Mkulima Katika Shaba

Tarehe 14 Oktoba 2023 mji wa Babati ulipokea kilele cha Mbio za Mwenge wa Uhuru. Mwenge wa kwanza uliwashwa juu ya Mlima Kilimanjaro katika usiku wa Uhuru, Desemba 1961. Vijana waliofurika Babati siku ile ya 2023 wanaujua Mwenge kama moto unaoshikwa mkononi na kukimbizwa wilaya hata wilaya. Wazee wao waliujua kwa njia nyingine pia: waliubeba mfukoni. Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kazi Juni 1966 na kutoa fedha ya taifa, sarafu ya shilingi moja ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja kichwa cha Rais. Upande wa pili mkono ulioshika Mwenge unaowaka.

Mzee wa Galapo au Dareda aliyeuza debe la mahindi alipewa sarafu hizo. Aliyapata mahindi hayo kwa jembe. Je, katika fedha aliyolipwa, jembe lilikuwa wapi? Na yeye mwenyewe mkulima, aliyekuwa chanzo cha fedha hiyo, sura yake iliwekwa wapi?

Swali hili laweza kuonekana dogo. Sivyo. Tangu zamani watawala wamechonga katika madini yale wanayotaka watu wayaheshimu. Historia ya michongo hiyo ni historia ya nani aliheshimiwa, kwa jambo gani, na badala ya nini. Makala hii inafuata njia moja tu katika historia hiyo: sura ya kazi ya shamba katika shaba na katika madini ya sarafu. Inakusudia kuonyesha kwamba sura ya mkulima katika nishani haithibitishi kwamba mkulima anaheshimiwa. Mara nyingi amechongwa vizuri mahali pale pale aliponyang'anywa vizuri.

1. Nishani ni kitu gani?

Kabla ya kuendelea, tueleze maana. Nishani tunayoizungumzia hapa ni kipande cha madini, aghalabu cha duara, chenye picha iliyoinuka juu ya uso wake, hata kipofu anaweza kuipapasa akajua ina nini. Madini yaliyopendwa zaidi kwa kazi hii ni shaba iliyochanganywa na bati. Mchanganyiko huo ni mgumu kuliko shaba tupu, huingia vizuri katika kila tundu la kalibu, na hukaa ardhini karne nyingi bila kuliwa na kutu kama chuma.

Fundi huanza kwa kuchonga picha kubwa katika udongo au plasta. Katika karne ya 19 ilipatikana mashine ambayo sindano yake hupita juu ya picha kubwa, na kwa upande wa pili kisu huchonga picha ile ile, ndogo, katika chuma cha pua. Chuma hicho ndicho muhuri. Muhuri ukigongwa kwa nguvu juu ya kipande cha shaba, nishani imekwisha. Sarafu nayo hutengenezwa vivyo hivyo. Kwa hiyo sarafu ni ndugu mdogo wa nishani: tofauti ni kwamba nishani hupewa mtu mmoja kwa sherehe, na sarafu hupita katika mikono ya watu wote bila sherehe yo yote.

Tuangalie pia madini yenyewe. Shaba haitoki hewani. Imechimbwa na watu, imebebwa na watu, imeyeyushwa na watu. Nishani inayosifu kazi ni yenyewe matokeo ya kazi, na aghalabu ni kazi ya watu ambao hawakuchongwa.

2. Jembe lilipokuwa fedha

Kabla ya ukoloni, bara letu halikuwa na sarafu yenye picha ya jembe, kwa sababu jembe lenyewe lilikuwa fedha. Wafua chuma wa Usumbwa na nchi jirani waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe ambayo yalisafiri mbali hadi soko la Tabora na kuendelea. Majembe yalilipiwa mahari, yalinunua mbuzi na chumvi, yalilipa ushuru wa njia. Mtu aliyekuwa na majembe kumi alikuwa na akiba. Lakini akiba hiyo ilikuwa na tabia moja ambayo fedha ya baadaye haikuwa nayo: ukishindwa kuitumia sokoni, ungeweza kuitia mpini ukalima nayo.

Tusiseme kwamba enzi hiyo ilikuwa peponi. Walikuwepo watemi waliotoza ushuru, na misafara ya watumwa na pembe ilipita. Jambo tunalotaka kulionyesha ni kwamba thamani na zana vilikuwa kitu kimoja. Hapakuwa na haja ya kuisifu kazi kwa picha.

Katika nyanda za juu zinazoizunguka Babati kazi hiyo iliandikwa ardhini. Wairaqw katika nchi yao ya asili huko Mbulu, iitwayo Irqwar Da'aw, walilima kwenye miteremko mikali kwa matuta, wakatia samadi na kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Kaskazini, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, wakulima wa Engaruka walijenga kwa mawe mifereji na mashamba ya kumwagilia ambayo mabaki yake yanaonekana hadi leo, ingawa yaliachwa zaidi ya miaka 200 iliyopita. Hakuna nishani iliyotolewa kwa watu wa Engaruka. Mawe yao yanatosha kuwa ushahidi wao.

3. Shaba yenye taji

Mwaka 1897 serikali ya Wajerumani ilitunga sheria ya kodi ya nyumba, nayo ikaanza kutozwa mwaka 1898. Kiasi cha kawaida kwa nyumba ya shamba kilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Shabaha ya kodi haikuwa kujaza hazina peke yake. Shabaha kubwa ilikuwa kumlazimisha mkulima aitafute fedha, na fedha ilipatikana mahali pawili tu: kwa kuuza mazao ambayo mkoloni aliyataka, au kwa kuuza nguvu zake katika shamba la mkonge, mpira au kahawa la setla. Huko Usambara, kuanzia mwaka 1907, mtu alipewa kipande cha siku 30 za kazi, na asiyekijaza kwa muda uliowekwa alipelekwa kazi ya lazima.

Mwaka 1904 rupia iligawanywa katika heller 100. Heller ilikuwa sarafu ya shaba. Upande mmoja ulikuwa na taji la mfalme wa Ujerumani, na upande wa pili thamani yake ndani ya shada la majani. Tazameni sarafu hiyo vizuri. Haina jembe, haina mkonge, haina mtu. Ilikuja nchini kumtoa mkulima shambani kwake, lakini mkulima haonekani. Anayeonekana ni anayedai.

Mwaka uliofuata, 1905, ndipo watu wa kusini waliochoshwa na mashamba ya pamba ya lazima walipoanzisha vita vya Maji Maji.

4. Mpanzi wa Ufaransa

Sasa tuvuke bahari, maana mwaka huo huo wa 1897 ambapo sheria ya kodi ilitungwa kwetu, jambo lingine lilitokea Ufaransa. Serikali ya huko ilimtia mkulima katika sarafu.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1887 mchongaji nishani Oscar Roty alibuni nishani kwa ajili ya Wizara ya Kilimo ya Ufaransa, ipate kutolewa kama tuzo kwa wakulima. Alimchonga mwanamke anayetembea shambani, mfuko wa mbegu ubavuni, mkono wake umetupwa mbele ukimwaga mbegu, nywele na nguo zikipeperushwa na upepo, na jua likiwa nyuma yake. Nishani hiyo haikutumiwa wakati ule. Miaka kumi baadaye picha ile ile ilichukuliwa ikawekwa katika sarafu za fedha za Ufaransa. Ilirudishwa tena mwaka 1960 katika faranga mpya, na kuanzia mwaka 2002 hadi muundo ulipobadilishwa mwaka 2024 sura yake iliyochorwa upya ilikuwa katika senti 10, 20 na 50 za yuro zilizotengenezwa Ufaransa. Ni vigumu kupata sura ya kazi ya shamba iliyopita katika mikono mingi kuliko hiyo.

Ni picha nzuri. Lakini wapo waliomcheka mapema kabisa, wakasema: mwanamke huyu anapanda kinyume cha upepo! Mbegu zitamrudia usoni. Kila mkulima wa Magugu anayemwaga mpunga kwa mkono analijua jambo hilo bila kufundishwa. Watetezi wa Roty walijibu kwamba picha hiyo ni mfano wa Jamhuri inayopanda fikra, haikukusudiwa kufundisha kilimo. Jibu hilo ndilo linalotufunza. Mwanamke wa shamba aliazimwa umbo lake lipate kubeba maana ya watu wengine. Aliyeheshimiwa katika sarafu ni dola. Mkulima alitoa mkono tu.

Ubelgiji inatupa mfano mkali zaidi. Mchongaji Constantin Meunier, aliyefariki mwaka 1905, alitumia nusu ya pili ya maisha yake kuwachonga wachimba makaa, makuli wa bandari na wavunaji. Alikuwa msanii wa kweli na aliwaheshimu watu wa kazi. Mnara wake wa Kazi ulijengwa baada ya kifo chake, ukazinduliwa mwaka 1930 huko Laeken, Brussels. Una michongo minne mikubwa ya mawe, mmojawapo wa mavuno, na juu kabisa amesimama mpanzi wa shaba.

Laeken ndipo lilipo kasri la wafalme wa Ubelgiji. Katika miaka ile ile ambayo Meunier alikuwa akimchonga mtu wa kazi kwa heshima, mfalme Leopold wa Pili aliitawala Kongo kama mali yake binafsi, kuanzia 1885 hadi 1908. Huko wanakijiji walilazimishwa kuleta mpira wa porini kwa kipimo, na walioshindwa walichapwa, wakachukuliwa wake zao mateka, wakauawa. Mwaka 1906 ikaundwa kampuni ya kuchimba shaba ya Katanga. Hatusemi kwamba Meunier alikuwa na hatia ya Leopold. Tunasema kwamba jamii moja iliweza kumpandisha mpanzi wa shaba juu ya mnara, na wakati huo huo kumtendea mkulima wa nchi nyingine kama mnyama, bila kuona mgongano wo wote. Picha ya kazi iliwatosha. Hawakuulizwa juu ya kazi yenyewe.

5. Tundu katikati ya senti

Turudi nyumbani. Mwezi Aprili 1916 majeshi ya Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer yalishuka kutoka upande wa Arusha, yakapita Umbugwe na Ufiome, yaani nchi hii ya Babati, yakielekea Kondoa. Barabara ilikuwa matope, farasi walikufa kwa wingi kwa magonjwa, na mizigo ilibebwa kwa mabega ya watu. Katika vita vile wapagazi waliokufa Afrika Mashariki yote, pande zote mbili, walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Walikuwa wakulima. Walitolewa mashambani, na mashamba yao yakafuatwa na njaa.

Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya shaba ambayo wote tunaijua, Sanamu ya Askari. Maandishi yake yanawataja wapagazi. Lakini juu ya kiti cha heshima, katika shaba, amesimama askari na bunduki yake.

Fedha ya Waingereza nayo ilikuwa na lugha yake. Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ilileta shilingi yenye simba na milima, na senti za shaba zenye tundu katikati, zimezungukwa na pembe za ndovu. Tundu lilifaa: watu walizitunga senti katika kamba wakazifunga kiunoni. Lakini tukiitazama kwa jicho la historia, senti ile ilieleza ukweli ambao waliotengeneza hawakuukusudia. Kulikuwa na jina la mfalme, kulikuwa na pembe zilizotoka Afrika, na mahali pa mtu palikuwa wazi.

6. Taifa huru lachonga sura yake

Uhuru ulibadili picha. Nembo ya Taifa ina ngao yenye Mwenge, bendera, mkuki, jembe na shoka, na mawimbi ya bahari. Wanaoishikilia ngao ni mwanamume na mwanamke, wamesimama juu ya Mlima Kilimanjaro, mmoja ana karafuu miguuni na mwingine pamba. Chama cha Mapinduzi, kilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977, kilichukua jembe na nyundo. Kwa mara ya kwanza alama za dola na za chama tawala zilikuwa zana ambazo mwananchi wa kawaida alizishika asubuhi ile ile.

Katika sarafu mambo yalikwenda polepole. Senti 5 ya mwaka 1966, ambayo ndiyo iliyokuwa ya shaba, ilikuwa na samaki. Senti 20 ilikuwa na mbuni, na senti 50 sungura. Mazao ya shamba yaliingia mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika sarafu ya shilingi tano yenye pande kumi. Sarafu hiyo ilikuwa sehemu ya mpango wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, ambalo tangu mwaka 1968 lilizishawishi nchi nyingi kutoa sarafu zinazohimiza kilimo cha chakula. FAO ilitoa pia nishani zake, zilizoitwa kwa jina la Ceres, mungu wa kike wa nafaka wa Warumi wa kale, na mapato yake yalisaidia miradi midogo ya wakulima.

Kisha Septemba 1978 FAO ilifanya Arusha Mkutano wake wa Kumi wa Kanda ya Afrika. Tanzania ilitoa sarafu nyingine ya shilingi tano kuuadhimisha. Safari hii picha ilikuwa trekta likilima.

Hapa ndipo msomaji wa Babati anapopaswa kusimama na kufikiri. Kutoka jembe hadi trekta ni hatua ya mbele. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema jembe la mkono liendelee kuvunja migongo ya watu milele. Lakini trekta lililochongwa katika sarafu halisemi ni la nani, wala linalima shamba la nani. Jibu lilikuwa karibu sana, magharibi ya mji huu.

7. Trekta la Hanang

Wakati sarafu ya trekta inatolewa, Babati ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Hanang. Wilaya ya Babati iliundwa mwaka 1985. Katika mbuga za Basotu, chini ya Mlima Hanang, Shirika la Taifa la Chakula na Kilimo, NAFCO, lilikuwa likiendesha kilimo cha ngano kwa msaada wa Kanada tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Mashamba yaliongezeka hadi saba, kila moja la ekari 10,000 hivi. Matrekta makubwa na mashine za kuvunia zilitoka Kanada. Ngano ilipatikana kweli, tena kwa wingi, na ililisha miji. Jambo hilo tusilifiche.

Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa malisho bora ya Wabarbaig, ambao walihamisha mifugo kwa utaratibu kutoka eneo moja hadi jingine kufuata majira. Aliyeitazama kwa mwezi mmoja aliona nyika isiyo na mtu. Aliyeishi humo mwaka mzima alijua kwamba bila mbuga hizo mzunguko wote wa malisho unakatika. Matrekta yalilima pia makaburi ya wazee, ambayo kwa Wabarbaig ni mahali patakatifu.

Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 walifungua shauri dhidi ya NAFCO katika Mahakama Kuu, Arusha. Mahakama Kuu iliwapa haki. NAFCO ilikata rufani, na Mahakama ya Rufani ilitengua sehemu kubwa ya uamuzi ule. Sababu zake zilikuwa za kisheria: kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi hiyo kwa utaratibu uliowekwa, na wadai wengi hawakuthibitisha mahakamani kwamba walikuwa wenyeji waliostahili haki ya kimila. Watu ambao baba zao walizikwa pale walishindwa kwa sababu hawakuleta ushahidi kwamba wao ni wa pale.

Kada mwenye nia njema anaweza kuuliza: je, NAFCO haikuwa mali ya umma? Je, si ni sisi wenyewe tuliomiliki njia kuu za uchumi? Ndiyo, kwa karatasi. Na hapo ndipo penye funzo gumu. Umilikaji wa umma usiokuwa na sauti ya umma unaweza kuzaa uhusiano ule ule wa zamani: anayeamua yuko mbali, anayehamishwa yuko karibu. Trekta la sarafu lilikuwa la taifa. Trekta la Basotu nalo lilikuwa la taifa. Lakini Mbarbaig aliyetazama mtaro wa plau ukipita juu ya kaburi la babu yake hakuona tofauti kati yake na mali ya setla.

Miaka hiyo hiyo mkulima wa mahindi alipata somo lake. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mazao yakanunuliwa na mashirika ya umma. Mkulima aliyekuwa na chama, hata kama chama kilikuwa na wezi wake, alibaki bila mahali pa kubishania bei. Vyama vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini kilichovunjwa kwa siku moja hujengwa kwa miaka mingi.

8. Azimio lilikwisha kuonya

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta kipimo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilieleza kwamba fedha si msingi wa maendeleo, bali ni tunda la kazi ya watu. Lilisema pia mambo mawili ambayo wengi hupenda kuyaruka. La kwanza, kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kwa saa nyingi kuliko mtu mwingine ye yote, na wanaume wengi wa vijijini hukaa bure nusu ya maisha yao. La pili, kwamba tusipoangalia, wanyonyaji wakubwa wa mkulima wa Tanzania watakuwa watu wa mjini.

Onyo la pili lahusu Babati moja kwa moja. Babati ni mji. Tangu Mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002 ni makao makuu ya mkoa, penye ofisi, mabenki, maduka ya jumla na maghala. Barabara za Arusha, Dodoma na Singida zinakutana hapa. Vyote hivyo vinasimama juu ya mahindi, mbaazi, alizeti, maharage, mpunga na mifugo ya vijiji vinavyouzunguka.

Tukumbuke mwaka 2017. Wakulima wa Babati walikuwa wamehimizwa kulima mbaazi kwa sababu India ilinunua kwa bei nzuri. Agosti mwaka huo India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi kutoka nje. Bei ilianguka vibaya, na magunia yakalala majumbani. Mkulima alikuwa na ardhi yake, jembe lake na plau yake ya ng'ombe. Alikosa neno katika bei. Kila mwaka tarehe 8 Agosti, siku ya Nane Nane, mkulima bora hupewa cheti na kombe. Ni vema apewe. Lakini kombe halilipi karo ya mtoto, na mkulima wa 2017 asingeweza kulila.

9. Mafunzo

Tukusanye sasa yale tuliyoyaona.

Kwanza, kutokuwepo kwa mkulima katika shaba ya mkoloni hakukuwa bahati mbaya. Heller na senti zilimdai, hazikumtambua.

Pili, kuwepo kwake katika shaba ya mabepari wa Ulaya hakukumkomboa. Aliazimwa awe pambo la dola, hata akachongwa akipanda kinyume cha upepo.

Tatu, taifa huru lilifanya jambo kubwa kuliweka jembe katika nembo yake. Lakini alama ni ahadi, na ahadi hudaiwa. Basotu ilionyesha jinsi alama inavyoweza kubaki palepale ukutani huku kazi ikienda upande mwingine.

Kwa hiyo kada anayekuta picha ya kazi, iwe katika nishani, sarafu, bango au hotuba, na ajizoeze kuuliza maswali manne. Anayefanya kazi ni nani, na je, mwanamke amehesabiwa? Zana ni ya nani? Ardhi ni ya nani, na nani alikuwa juu yake jana? Mavuno yakiisha, bei inapangwa na nani? Picha isiyoweza kujibu maswali haya tuipende kama sanaa, tusiichukue kama taarifa ya utekelezaji.

Na tukimaliza kuuliza, tutazame sarafu zilizomo mifukoni mwetu leo. Upande mmoja wana heshima yao viongozi waasisi na waliowafuata. Upande wa pili, katika shilingi 50 yumo faru, katika 100 swala, katika 200 simba, na katika 500 nyati. Wanyama hao ni urithi wetu, na hifadhi za Tarangire na Ziwa Manyara ziko jirani na Babati. Lakini jembe halimo. Mwanamke wa Bonga anayepanda mbaazi zake kwa mara nyingine, baada ya yote yaliyotokea mwaka 2017, hamo.

Hatudai achongwe. Akipata neno katika bei ya gunia lake na hati ya shamba lake mkononi, ataweza kusubiri nishani hata miaka mia. Asipovipata, nishani ikija haitamsaidia kitu.